Dona au sembe? Kwanza niambie mahindi yametoka wapi

Msomaji mmoja wa Mbagala ameniandikia hivi, nimemfupisha kidogo: "Mama yangu ana kisukari, anaishi nami. Kliniki wamesema niache sembe nimpikie dona. Mume wangu anasema dona ni chakula cha jela na shule za bweni, hataki kuiona mezani. Jirani ananitisha kwamba dona ndiyo yenye sumukuvu. Dukani kuna dona ya mfuko, bei iko juu, imeandikwa inakaa miezi sita. Na nina mtoto wa miezi tisa anayekunywa uji lishe. Sisi tumezoea kiroba cha sembe cha kilo 25. Nifanye nini?"

Dada, katika hao wote hakuna anayekudanganya, hata mumeo. Ila kila mmoja ameshika upande wake. Na swali lililo kubwa kuliko yote hujaniuliza: hayo mahindi yametoka wapi na yalikaushwaje? Nitalifikia.

Chukua punje moja ya hindi uipasue kwa kisu. Nje kuna ganda jembamba, humo ndimo nyuzinyuzi zilimojaa. Kwenye ncha kuna kiini, kile kinachoota ukipanda. Ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa punje, lakini mafuta karibu yote yamo humo, pamoja na madini na vitamini nyingi. Kinachobaki, zaidi ya asilimia 80, kwa sehemu kubwa ni wanga. Ukisaga vyote pamoja umepata dona. Ukikoboa kwanza, ganda na kiini vikaenda na pumba, ukasaga ule wanga peke yake, umepata sembe. Wapo wanaokoboa mara mbili, wakalowesha mahindi na kuyaanika tena ndipo wasage, ili unga uwe mweupe kama chaki. Nitaje hapa hapa kwamba weupe huo hauhitaji dawa yoyote ya kung'arisha, ingawa kila mwaka naulizwa kuhusu hiyo dawa. Kukoboa na kulowesha vinatosha.

Sasa jiulize kwa nini viwanda vinapenda sembe. Utaambiwa walaji wanapenda weupe, na ni kweli, lakini kuna sababu nyingine isiyotajwa sana. Mafuta ya kile kiini yakishasagwa yanakutana na hewa, na baada ya wiki chache unga unaanza kunuka mafuta ya zamani na kuacha uchungu ulimini. Mwenye kiwanda anayetaka unga wake usafiri kutoka Iringa hadi Mtwara, ulale ghalani mwezi mzima kisha ukae dukani miezi mingine mitatu, njia yake rahisi ni kukiondoa kiini. Juu ya hapo anauza pumba kwa wafugaji. Hindi moja limempa bidhaa mbili, na ile iliyobeba virutubishi vingi zaidi imekwenda kwa kuku na ng'ombe. Simlaumu, ni biashara. Lakini tujue kwamba kiroba chako kinadumu kwa sababu kimeondolewa kile ambacho kingekiharibu, na hicho hicho ndicho kilichokuwa na faida mwilini.

Kuna watu walilipia jambo hili kwa roho zao. Mwanzoni mwa karne ya 20, majimbo ya kusini mwa Marekani yalianza kula unga wa mahindi uliotolewa kiini kwa mashine mpya na kusafirishwa kwa treni, badala ya ule uliosagwa kijijini. Ukazuka ugonjwa wa pelagra: ngozi inachubuka na kuwa nyeusi pale jua linapopiga, tumbo linaharisha, mwishowe akili inavurugika. Inakadiriwa watu milioni 3 waliugua na 100,000 wakafa kati ya 1906 na 1940. Madaktari wengi waliamini ni maambukizi. Joseph Goldberger, daktari wa serikali aliyepewa kazi hiyo mwaka 1914, akasema hapana, ni chakula. Mwaka 1915 aliwachukua wafungwa waliojitolea katika shamba la gereza la Rankin, Mississippi, kwa ahadi ya msamaha wa gavana, akawalisha mahindi yaliyosafishwa, mchele mweupe, sharubati ya sukari na vitu vya namna hiyo. Baada ya miezi michache zaidi ya nusu yao walikuwa na dalili za pelagra. Mwambie shemeji yangu: chakula cha jela kilichowafanya wale jamaa waugue hakikuwa dona.

Lakini nisiipambe dona kupita kiasi, maana hapa ndipo wenzangu wengi wanapokosea. Vitamini inayozuia pelagra, niasini, imo kwenye mahindi ila imefungwa. Tumbo letu haliwezi kuifungua vizuri. Watu wa Meksiko waligundua zamani sana kuchemsha mahindi na chokaa, na chokaa ndiyo inayoifungua. Mahindi yalipokuja Afrika, maarifa hayo hayakuja nayo. Kilichotuokoa sisi ni kilichokaa kando ya ugali: maharage, karanga, dagaa, maziwa. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliendelea kupewa mahindi, lakini mgao wa karanga ukakatika. Wagonjwa wa pelagra walioandikishwa walizidi 18,000. Walichopungukiwa ni konzi ya karanga tu.

Kwa hiyo nikisikia mtu anapiga hesabu ya dona na sembe bila kuniambia ugali unaliwa na nini, najua hesabu haijakamilika.

Tuje kwa mama. Kliniki hawakukosea: dona ina nyuzinyuzi kama mara mbili ya sembe, inashibisha mapema, inasaidia choo. Lakini kuna jambo ambalo pengine hawakupata nafasi ya kukueleza, maana foleni ya kliniki ya kisukari naijua. Gramu 100 za dona zina takriban kalori 360. Gramu 100 za sembe zina takriban kalori 360. Mwili wa mama hauoni rangi ya ugali, unaona wanga, na dona iliyosagwa laini kabisa hupandisha sukari karibu kwa kasi ile ile. Nimekutana na wagonjwa waliohamia dona wakajiona wamepata kibali cha kuongeza tonge, halafu wanashangaa kipimo hakishuki. Robo kilo ya unga, iwe ya rangi gani, ni kalori kama 900 kabla hujaweka hata mboga.

Nenda hivi. Sahani ya mama igawe kwa macho: nusu yake iwe mboga za majani, robo iwe maharage, samaki au dagaa, robo inayobaki ndiyo ya ugali. Mwombe fundi wa mashine asisage laini mno. Unga wenye chenga kidogo humeng'enywa polepole. Siku mbili tatu kwa wiki mpikie makande badala ya ugali, maana punje nzima iliyochemshwa na maharage haina haraka ya kugeuka sukari. Kama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usimpunguzie ugali ghafla bila kumwambia daktari wake, kwa sababu dozi ilipangwa kwa chakula cha zamani na sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Na chai ya rangi isinywewe na chakula, ingoje saa moja, maana inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, na dona yenyewe ina asidi inayoyashika hayo madini. Akikamulia limau kwenye mchicha anayarudisha kwa kiasi fulani.

Sasa jirani yako, ambaye namheshimu kuliko unavyodhani.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu anayeota kwenye mahindi na karanga, shambani wakati wa ukame na ghalani wakati wa unyevu. Aina iliyo mbaya kuliko zote, aflatoksini B1, imethibitishwa kuleta saratani ya ini. Haionekani wala hainuki, na moto wa jikoni hauiondoi: usonge ugali dakika kumi au saa nzima, itabaki pale pale. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka, inaharibu ini. Ikija kwa wingi, inaua ndani ya siku chache. Mwaka 2004 huko Kenya, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, waliugua watu 317 na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Waathirika wa matukio hayo kwa sehemu kubwa walikuwa wakulima waliokula mahindi waliyoyavuna wenyewe. Nasema hivi kwa sababu kuna dhana mjini kwamba mahindi ya kutoka nyumbani kijijini ni salama moja kwa moja na ya kiwandani ndiyo ya kutilia shaka. Sumukuvu haina habari na undugu.

Jirani yuko sahihi katika hili: kuvu huanza na sehemu za nje na hukipenda kile kiini chenye mafuta, kwa hiyo kukoboa kunaondoa sehemu kubwa ya sumu. Mahindi yale yale mabovu, ukiyafanya dona utakula sumu nyingi kuliko ukiyafanya sembe. (Na sumu iliyokwenda na pumba haijapotea. Ng'ombe anaila, na sehemu yake inarudi kwako kwenye maziwa.) Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo. Kwa lugha ya sokoni, ni gramu moja ndani ya magunia 1,000 ya kilo mia. Hiyo ndiyo sababu siwezi kukudanganya kwamba utaiona kwa macho.

Usidhani pia kwamba mfuko wenye nembo umemaliza maneno. Mwaka 2019 shirika la viwango la Kenya lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa mkupuo mmoja kwa sababu ya sumukuvu kuzidi kiwango, na zilikuwa chapa za madukani, watu walizijua. Ila kiwanda kikubwa kina kitu ambacho mashine ya mtaani haina: kinaweza kupima kila lori linaloingia getini, na kinaweza kukamatwa. Mimi nikinunua unga wa mfuko naangalia alama ya TBS (shirika letu la viwango la Tanzania), tarehe ya kusagwa, na jina la mtengenezaji lenye mahali anapopatikana. Mfuko mweupe usio na maandishi, uliofungwa kwa kamba, siununui hata ukiwa wa bei ya kutupa.

Ulinzi wako mwingine uko mikononi. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi hubeba sumu nyingi kuliko wenzao. Ukizichambua kwenye ungo ukazitupa, na kuzitupa maana yake ni kutupa, si kumwagia kuku, umepunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Ukinunua gunia, pima ukavu: weka chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, ongeza punje, tikisa, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji na kuvu ana makao. Yaanike juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Baadaye yahifadhi kwenye mifuko ile isiyopitisha hewa, inayouzwa maduka ya pembejeo kwa jina la mifuko ya kinga njaa.

Mama wa familia akishafanya hayo, dona haina cha kumtisha. Asipoweza kufanya hayo, kwa mfano kama mahindi anayanunua kilo mbili mbili kwa mtu asiyemjua msimu wa mvua, ningemwambia bora ale sembe ya kiwanda kinachoeleweka na aongeze maharage. Najua wataalamu wenzangu wa lishe hawatapenda sentensi hiyo. Naiacha hapo.

Ile dona ya mfuko, inayokaa miezi sita? Rudi kwenye kile kiini. Dona kamili isiyo na usindikaji maalumu haikai miezi sita ikiwa tamu katika joto la Dar es Salaam. Zipo njia halali: kuna viwanda vinavyokipasha kiini moto kabla ya kusaga ili mafuta yasiharibike haraka. Lakini niliwahi kuingia mashine moja mkoani Morogoro nikakuta kijana anachota pumba kwa beleshi na kuzichanganya na sembe, kisha anafunga kwenye mifuko iliyoandikwa dona. Nilipomuuliza akajibu bila wasiwasi, "Mtaalamu, si inakuwa ya kahawia?" Pumba za mahindi ya watu kumi, zilizokaa sakafuni siku kadhaa. Kwa bei waliyokuwa wanaiuza, ungepata mahindi mazuri ukasagisha mwenyewe na nauli ikabaki. Ukifungua mfuko wa dona, nusa. Harufu iwe ya hindi tamu, ya kukumbusha shambani. Ukiweka unga kidogo ulimini ukaacha uchungu, rudisha dukani.

Mtoto nimemwacha mwisho, na kwake sina mzaha hata kidogo. Mwili wake ni mdogo, uji ndio chakula chake kikubwa, na ini lake bado changa. Na uji lishe wa mtaani umekuwa mashindano: mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga, kila kitu kwenye ndoo moja, kisha unasagwa wa miezi mitatu. Mahindi na karanga ndiyo mazao mawili yanayoongoza kwa sumukuvu, na hapo umeyaunganisha kwenye kikombe cha mtoto mara tatu kwa siku. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa kwanza humzuia kumeng'enya protini uliyokusudia kumpa. Karanga zikishasagwa zinaharibika upesi kuliko hata dona.

Mpe uji wa ulezi au mtama, nafaka moja au mbili, inatosha. Nazo huwa na sumukuvu kidogo kuliko mahindi, mradi zimehifadhiwa vizuri. Saga kidogo, wa wiki mbili. Karanga nunua nzima, chagua zilizo safi, tupa zilizosinyaa na zenye doa, zikaange, twanga kijiko kimoja siku hiyo hiyo utie kwenye uji. Kama ana afya na amezoea, ongeza yai, maziwa, dagaa waliosagwa, parachichi. Hivyo ndivyo vinavyomjenga, wala si idadi ya nafaka. Na hakikisha amekamilisha zile chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, maana ndani yake mna kinga ya homa ya ini B. Virusi hivyo vikikutana na sumukuvu kwenye ini moja, hatari ya saratani huongezeka mara nyingi kuliko kila kimoja peke yake.

Kuna kitu kimoja kizuri cha kiwandani ambacho ukihamia dona ya mashineni utakikosa. Kenya tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini. Tanzania nayo ina kanuni za kuongeza virutubishi tangu 2011, ingawa mahindi yetu mengi yanasagwa kwenye mashine ndogo ambako hakuna anayeongeza chochote. Miongoni mwa vinavyoongezwa ni asidi ya foliki, inayosaidia kuzuia watoto kuzaliwa na mgongo wazi. Nawe bado una umri wa kuzaa. Kama mnafikiria mtoto mwingine, usingoje ujauzito ndipo ukatafute vidonge, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hujifunga kabla wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Ulizia vidonge kituo cha afya mapema.

Amebaki mumeo. Nimemtania, lakini namwelewa. Posho ilikuwa mgao wa manamba kwenye mashamba ya mkonge, dona ikawa ya bweni na ya kambini, na sembe nyeupe ikawa ishara kwamba mtu ametoka huko. Wazee wanakumbuka hata unga wa njano wa msaada kutoka Marekani, tulioubatiza Yanga. Hindi la njano lina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ambacho jeupe halina, lakini kwa kuwa lilikuja na njaa, watu walilikataa mara njaa ilipokwisha. Ladha ina kumbukumbu, huwezi kuishinda kwa hotuba. Usimpikie dona tupu Jumatatu ya kwanza. Changanya robo dona na robo tatu sembe, songa vizuri, weka na samaki wa nazi, kaa kimya. Baada ya wiki mbili fanya nusu kwa nusu. Wengi niliowashauri hivyo waliishia hapo hapo kwenye nusu, na mimi sina ugomvi na nusu.

Kiroba mlichonacho usikitupe, kimalizeni kwa mpango huo huo. Wakati kinaisha, tafuta mahindi makavu, debe moja kwa kuanzia, yachambue nyumbani na mama akisaidia. Mashineni usiwe wa kwanza kupokea unga unaotoka: kilo moja ya mwanzo ni ya aliyekutangulia, pamoja na pumba zake na mahindi yake usiyoyajua. Mwombe fundi aiweke kando. Na ukifika nyumbani pitisha sumaku kwenye unga, kwa sababu nyundo za mashine nyingi zimechakaa na vipande vyake vya chuma huangukia humo.